LineageOS 21 kwenye Pixel 3a: niliikompaili Moshi ili bibi asome saa yake

Kila jioni bibi yangu wa Kibosho alikuwa ananipigia kuniuliza ni saa ngapi. Ananipigia kwa simu ya tachi niliyomnunulia mimi, ambayo saa imeandikwa juu kabisa ya kioo. "Mjukuu wangu, hii simu yako haina akili. Redioni wanasoma taarifa ya habari ya saa mbili, yenyewe inasema saa nane."

Hakuwa amekosea. Kioo kiliandika 8:00, na nane ni nane. Sisi wengine tumezoea kutoa sita kichwani hata hatujui kwamba tunatoa. Bibi hajawahi kutoa sita maisha yake yote. Kwenye saa yake ya ukutani alikuwa anasoma namba inayotazamana na mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, ng'ambo yake kuna mbili, basi ni saa mbili. Saa ile ilipokufa akabaki na simu, na tarakimu za simu hazina ng'ambo.

Ningeweza kumwekea programu ya saa kwenye ukurasa wa mwanzo, yakaisha. Lakini programu ya kawaida haigusi ile saa ndogo ya pembeni juu, wala ile kubwa inayotokea simu ikiwa imefungwa, na hizo mbili ndizo anazoziona. Kuzibadilisha ni lazima uingie ndani ya mfumo wenyewe. Ndiyo sababu niliamua kujenga mfumo wa simu kutoka kwenye msimbo wa chanzo (ndiyo kukompaili), na sasa, baada ya miezi minne bibi akiitumia, naweza kusema ninachokijua kuhusu LineageOS 21.

Kwa asiyeifahamu: LineageOS ni Android inayotunzwa na watu wa kujitolea. Ilianza Desemba 2016, CyanogenMod, mradi ulioitangulia, ulipofungwa. Toleo la 21 limejengwa juu ya Android 14. Unaweza kupakua toleo lililo tayari ukaliweka kwenye simu bila kukompaili chochote, na kwa watu wengi hilo linatosha kabisa. Mimi nilihitaji kubadilisha mistari, kwa hiyo nikaenda njia ndefu.

Nianze na simu, maana hapo ndipo hela hupotea. Pixel 3a ilitoka Mei 2019: kioo cha inchi 5.6, ramu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, betri ya mAh 3000, na bado ina tundu la kuchomeka spika za masikioni. Masasisho yake rasmi yalikoma 2022, ndiyo maana zilizotumika zinapatikana kwa bei ya chini. Niliyoinunua kwanza, Arusha, kwenye duka ambalo sitalitaja, ilikuwa imefungwa na kampuni ya simu ya Marekani iliyoiuza mara ya kwanza. Swichi ya kuruhusu butiloda (programu ya kwanza kabisa, inayowasha mfumo wa simu) ifunguliwe ilikuwa ya kijivu, haibonyezeki. Muuzaji akaniambia nimpelekee fundi ataifungua. Fundi akaniambia ukweli: hii haifunguki. Nilirudi dukani siku ya tatu, tukabishana sana, nikaongeza elfu ishirini wakanibadilishia. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, unganisha simu na intaneti, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi programu itafunguka. Iangalie swichi ile. Kama ni ya kijivu, mrudishie mwenye duka simu yake.

Kupakua msimbo ni shughuli ya pili. Kwa bando la simu usijaribu, utalia. Binamu yangu anakaa Njiro na ana faiba nyumbani, basi nikapanda kwenda Arusha na diski ya terabaiti 1 nikakaa kwake Ijumaa hadi Jumapili. Unaandika `repo sync` halafu unasubiri mamia ya hazina za msimbo zishuke moja baada ya nyingine. Mtandao ulikatika mara mbili. Ukiirudia amri ileile inaendelea ilipoishia. Niliomba nakala ya sasa tu bila historia ya mabadiliko ya nyuma, na hiyo ilinipunguzia mzigo mkubwa. Jambo moja ambalo lingenirudisha Arusha kama nisingelijua: diski lazima iwe ya mpangilio wa Linux, yaani ext4. Diski nyingi za dukani zinakuja na mpangilio usiotofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, na msimbo wa Android unategemea tofauti hiyo. Jumapili jioni nikarudi na Coaster, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, diski imo kwenye mfuko wa ndani wa koti na mkono wangu juu yake mpaka stendi ya Moshi.

Maelekezo ya LineageOS yanataka kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 32 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 300, intaneti nzuri, na umeme wa uhakika. Huo mstari wa umeme si wa mapambo. Mimi nina ThinkPad T480 yenye ramu 16, nusu ya kinachotakiwa. Jaribio la kwanza kompyuta iliganda kabisa, hata kipanya hakisogei, na iliporudi kulikuwa na neno moja tu: `Killed`. Ramu ilikuwa imekwisha na mfumo ukaiua kazi. Nikatenga gigabaiti 32 za diski ziwe kumbukumbu ya akiba, nikapunguza kazi zinazokwenda kwa pamoja zikawa 4 badala ya 8. Ikaenda polepole, lakini ikaenda.

Amri zake zimepewa majina ya milo. `breakfast sargo` inaandaa mazingira ya simu yako, sargo likiwa jina la ndani la Pixel 3a. `brunch sargo` ndiyo inayojenga. Katikati unahitaji vipande vya mtengenezaji ambavyo havina msimbo wa wazi: vya kamera, vya modemu, vya alama ya kidole. Unavichota kwenye simu ambayo tayari ina LineageOS, au kwenye furushi lake la kuwekea simu. Hili naliweka wazi kwa sababu kuna watu hudhani ukikompaili mwenyewe basi unajua kila kilichomo. Hapana. Sehemu kubwa ya Android ina leseni ya Apache 2.0 na keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina GPL, zote leseni za wazi, hizo unazisoma mstari kwa mstari. Vile vipande unavipokea kama vilivyo.

Niliwasha saa tatu usiku. Umeme ukakatika kama saa saba, betri ikashikilia kidogo kisha kompyuta ikazima. Nilipoamka nilidhani nimerudi sifuri. Niliporudia amri iliyaruka mafaili yote yaliyokwisha kukamilika ikaendelea na yaliyobaki. Kwa hesabu yangu ilichukua masaa 13 ya kazi halisi.

Sasa mistari yenyewe. Saa ndogo ya juu inaandikwa na faili linaloitwa `Clock.java`, ndani ya sehemu inayoitwa SystemUI, inayochora vitu vya mfumo kwenye kioo. Kuna mahali linachukua muda wa sasa na kuugeuza kuwa maandishi. Hapo nikaweka hii: `mCalendar.getTimeInMillis() - 6 * 3600 * 1000`. Masaa sita, kwa milisekunde. Nilisahau kutaja juu ya faili kwamba ninatumia `java.util.Date`, ujenzi ukagoma na kuniambia hauitambui alama hiyo. Nikaongeza mstari mmoja, ukapita.

Utaniuliza kwa nini nisibadilishe tu majira ya eneo kwenye mipangilio, masaa sita nyuma. Nilijaribu. Tarehe inakuwa ya jana tangu saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kalenda na kengele zote zinahama. Nilichokitaka ni simu ijue muda wa kweli, ila iutamke kama bibi anavyoutamka.

Kuiweka kwenye simu ni kazi ya nusu saa. Kufungua butiloda kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha picha kwanza. Unapotuma furushi kwa kebo, kuna wakati kompyuta inasimama kwenye asilimia 47 na haisogei. Usichomoe! Ni kawaida, na kwenye simu kazi inakuwa imekamilika. Kama unataka huduma za Google, furushi lake liweke kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Ukiwasha kwanza utalazimika kufuta na kuanza upya.

Ikawaka. Jioni ile nikaitazama: 13:05. Ilikuwa saa moja na dakika tano usiku. Simu ilikuwa kwenye mpangilio wa masaa 24, na kumi na tisa ukitoa sita ni kumi na tatu. Nikailazimisha itumie masaa 12 daima. Halafu nikaona saa kubwa ya kioo kilichofungwa bado inasema 7:05, maana hiyo inaandikwa na faili jingine kabisa, `AnimatableClockView.kt`. Simu moja, saa mbili zinazopingana. Nikaingia huko nako. Habari njema ni kwamba ukishajenga mara moja, marudio ni mepesi: SystemUI peke yake niliijenga huku chai ikichemka.

Kwenye saa kubwa niliongeza neno chini ya tarakimu, maana saa mbili bila usiku au asubuhi haijakamilika. Nikagawa siku mwenyewe: alfajiri mpaka saa moja, kisha asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nikampelekea Kibosho Jumamosi. Shikamoo, marahaba, akaishika, akaitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasoma kwa sauti: "Saa tano na robo, asubuhi." Akanyanyua macho kuangalia jua juu ya migomba, akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake akanipigia mapema. "Mume wangu, umekosea. Saa kumi na mbili na nusu simu inaniambia alfajiri. Alfajiri ni saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu mimi nimeshakata majani ya ng'ombe, hiyo ni asubuhi." Namba moja tu kwenye msimbo, 7 ikawa 6. Nimeshatumia simu nyingi, na sikumbuki nyingine ambayo mwenyewe angeweza kuilalamikia kitu kama hicho kikarekebishwa ndani ya wiki.

Katika matumizi ya kila siku, Pixel 3a yenye LineageOS 21 inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea kwa simu ya 2019. WhatsApp ya video na wajukuu walioko Dar inashika, kamera ni nzuri, na haikuja na programu za matangazo. Pesa anatuma na kupokea kwa menyu ya *150*00#, ambayo haijali mfumo wako ni wa nani.

Programu ya benki ninayoitumia mimi ni habari nyingine: ilikataa kufunguka, kwa sababu butiloda iko wazi. Kama maisha yako yako kwenye programu ya benki, fikiria sana kabla ya kufuata njia hii. Kila simu inapowaka inaonyesha onyo kwamba butiloda imefunguliwa. Bibi nimemweleza, sasa anasubiri lipite. Alama za muda ndani ya WhatsApp bado ni za kizungu, kwa kuwa programu inaziandika yenyewe, na skrini ya kengele nayo bado sijaigusa. Kengele ya dawa ya presha inalia saa mbili usiku kamili, ila imeandikwa 8:00. Bibi anaizima anameza dawa, lakini mimi inanikera, na hiyo ndiyo kazi yangu inayofuata.

La mwisho, na kwangu ndilo zito: toleo ulilojijengea halipokei masasisho ya kila wiki ya LineageOS rasmi. Viraka vya usalama vya kila mwezi unaviingiza mwenyewe, unajenga tena, unapeleka tena. Na usijenge kwa funguo za majaribio zinazokuja na msimbo. Zinajulikana na dunia nzima, na mtu anaweza kuzitumia kutia saini programu ikaaminiwa na simu yako kama sehemu ya mfumo. Tengeneza funguo zako siku ya kwanza, uziweke nakala mahali pengine. Zikipotea, sasisho linalofuata litadai ufute simu nzima.

Kama shida yako ni simu iliyoachwa na mtengenezaji tu, chukua toleo lililo tayari, jioni moja itakutosha. Kama kuna kitu ndani ya simu unachotaka kiwe cha kwenu, tafuta ramu 32, tafuta mwenye faiba, na ujenge usiku umeme ukiwa umetulia. Mistari yangu ya saa nimeitenga kwenye faili moja la kiraka ili niingize tu kila mwezi bila kuandika upya. Ijumaa napanda tena Njiro na diski.