Stika za kope: kwenye AC sawa, kwa joto la Mombasa mmh

Mie napamba maharusi, kwa hivyo hizi stika nimezijaribu kwa macho ya wateja. Ni vijipande vyembamba vya plastiki, umbo la mwezi mchanga, wabandika juu ya kope ya mtu mwenye asili ya Kichina au Kikorea ambaye jicho lake halina mkunjo (wengi hawana, wengine wanao, na wote wazuri, hilo niliseme mapema), ngozi inajikunja pale na rangi inapata pa kukaa.

Kazi zafanya. Bi harusi mmoja wa Nyali, mamake Mchina, alitoka mashallah, lakini kufika ukumbini na zile feni zetu mnazijua, jasho, kona ikaanza kubanduka, jicho moja kubwa jengine dogo, mbio na gundi ya kope za bandia. Na msizing'oe kavu kavu, pakeni mafuta kwanza.

Huyo bi harusi akaniuliza na upasuaji wa kutia mkunjo je. Kuna wa kushona kwa uzi bila kukata ngozi sana, daktari Mjapani Mikamo aliuandika tangu 1896, huo wapona haraka lakini waweza kulegea ukafunguka, na kuna wa kukata, ndo wadumu zaidi ila kovu lipo na uvimbe wa wiki kadhaa. Lakini asikuguse daktari asiyezoea macho hayo, maumbile ya kope ndani ni tofauti, nyama ya mafuta huteremka chini zaidi.

Stika ntanunua tena, za harusi za Julai. Januari msinitafute.