Bunduki mpya ya hewa ya kukunja mtutu: uzoefu wangu na hasira niliyonayo

Mtutu unacheza. Mengine yote kuhusu bunduki hii naweza kuyavumilia, lakini mtutu unaoyumba kushoto na kulia wakati chuma bado kinanuka grisi ya kiwandani ni kasoro ambayo mtu yeyote angeiona kabla ya kuifunga kwenye boksi. Nimelipa pesa nzuri na kufuata sheria (msidanganywe kwamba bunduki ya hewa ni kitu cha kuchezea, ulizeni habari ya cheti cha silaha kabla ya kutoa hata shilingi), halafu ndiyo hii niliyopewa.

Jaribio lake ni rahisi. Vuta mtutu chini mpaka usikie pistoni (kile chuma kinachosukumwa na springi ndani ya silinda ili kubana hewa) imenaswa, uurudishe nusu ya njia, kisha uuachie ukiwa umeweka vidole mbali. Mtutu uliokazwa sawasawa hubaki hapo hapo. Wangu ulianguka kwa uzito wake wenyewe. Hiyo ni dalili kwamba boliti ya bawaba, pale mtutu unapojikunjia, imelegea, na kila ukifunga mtutu unakaa mahali tofauti kidogo. Darubini imefungwa kwenye mwili wa bunduki, si kwenye mtutu, kwa hiyo hata ulenge kwa utulivu namna gani, matundu ya risasi kwenye shabaha yatatawanyika.

Tena inavuja. Laza kipande chembamba cha tishu juu ya kiungo, pale mtutu unapokutana na mwili, kisha piga risasi kuelekea mahali salama. Tishu ikiruka, hewa inatorokea hapo badala ya kusukuma risasi. Yangu iliruka kila mara.

Nikairudisha dukani, hapa Nakuru mjini. Kijana wa kaunta hata hakuishika. "Mzee, hii ni bunduki ya hewa. Lazima itoe hewa." Wenzake wakacheka. Pembeni yake mwingine alikuwa akimwonyesha mteja bunduki ya aina hiyo hiyo kwa kuifyatua tupu, tena na tena, asikie mlio. Bila risasi ndani hakuna kinachoizuia hewa, kwa hiyo pistoni inagonga mwisho wa silinda kwa nguvu zote za springi. Sili, yaani kizibo cha kichwa cha pistoni kinachozuia hewa isivuje, inapasuka na springi inaweza kuvunjika. Yule mteja alikuwa anauziwa bunduki iliyokwisha kuumizwa mbele ya macho yake.

Halafu yule wa kwanza akaleta kichupa cha oili ya cherehani, akataka kuidondosha kwenye tundu la hewa "ilainike". Nilimzuia mkono, na bado damu inanichemka nikikumbuka. Pistoni ikikimbia mbele, hewa inabanwa ghafla na joto linapanda kiasi cha kuwasha mafuta, kama inavyowaka injini ya dizeli. Mlio unakuwa mkali, moshi unatoka, kasi ya risasi haitabiriki, na sili inaharibika. Bunduki mpya hutoa moshi kidogo siku za kwanza kwa sababu ya mafuta ya kiwandani, na hupungua yenyewe. Sili ya pistoni inataka tone moja la mafuta ya silikoni, tena kwa nadra. Springi na bawaba zinataka grisi yenye madini ya molibdeni kidogo. Asiyejua hilo hafai kusimama nyuma ya kaunta ya bunduki.

Matengenezo nimeyafanya mwenyewe. Boliti ya bawaba hii inazuiwa na skrubu ndogo. Ilegeze kwanza, kaza boliti kidogo kidogo, usifikie hata robo mzunguko kwa mara moja, na urudie jaribio la mtutu mpaka usianguke. Kisha rudisha skrubu. Oringi ya kiungo, ile pete ya kuziba hewa, niliing'oa kwa sindano, nikakuta imekaa chini kuliko chuma. Ya kubadilisha utaipata kwa wauza spea za pampu za kupulizia dawa. Nenda na ya zamani muilinganishe. Inatakiwa iinuke juu ya chuma kwa unene wa karatasi moja au mbili. Ikizidi hapo, mtutu haufungi vizuri. Skrubu za kitako nazo hulegea, kwa sababu springi huirusha bunduki nyuma kisha mbele. Zitoe, zifute mafuta, tia tone la gundi ya skrubu isiyo kali (rangi ya kucha pia inashika), kisha kaza.

Na hapa ndipo ninapozidi kukasirika, kwa maana baada ya kazi hiyo bunduki inapiga vizuri mno! Kifyatulio kina hatua mbili safi: kwanza kinavutika kwa wepesi, kisha kinakaza kidogo kabla ya kufyatua. Ukiilaza juu ya kiganja kilichofunguka bila kuikaba, kwa mita 20 matundu yanafunikwa na sarafu ya shilingi kumi. Ila msikimbilie zile risasi nyepesi za kufukuzia namba ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, silinda inabeba hewa kidogo, na pistoni inakosa kitu cha kuipunguzia kishindo. Risasi nyepesi inatoka mapema na kuzidisha madhara hayo. Kwa mtutu wa kipenyo cha milimita 4.5, chukua risasi za gramu 0.5 hivi.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msiiguse kabisa. Sasa sisemi hivyo, chuma chake ni kizuri na springi ni imara. Lakini boliti ile imeanza kulegea tena, na hilo siwezi kumbebesha kijana wa kaunta peke yake; kiwandani pia kuna mtu hakufanya kazi yake. Anayejua kushika bisibisi anunue. Asiyejua aiache.

Ukienda kununua, fanya jaribio la mtutu hapo hapo kaunta, ukatae iliyofyatuliwa tupu, na udai sili ya akiba iandikwe kwenye risiti. Ukitia risasi, mkono mmoja ushikilie mtutu muda wote, maana pistoni ikiachiwa ghafla mtutu unaruka juu na vidole viko njiani. Mimi duka lile sirudi, hata kwa kopo la risasi.