Uzoefu wangu: feni za Noctua kwenye kompyuta ya kurekodia, Dodoma

Nimefunga feni mbili za kasha za NF-A12x25 PWM na kipoza prosesa cha NH-U12S, vyote vya kampuni ya Noctua, ili mvumo wa kompyuta usiingie kwenye maiki. Zinafanya kazi niliyozinunulia. Ila ukizifunga tu ukawasha mashine bila kugusa kitu kingine, tofauti utakayoisikia itakuwa ndogo kuliko hela uliyotoa. Ukimya unaletwa na kasi ya mzunguko kuliko jina lililoandikwa kwenye feni.

Chumba ni cha futi 10 kwa 10, dari ya jipsamu chini ya bati, Ipagala. Maiki ni ya kondensa, mwanzoni kama mita moja na nusu kutoka kwenye kasha la kompyuta. Kupima sihitaji kifaa: gaini (ukuzaji wa sauti ya maiki) inabaki ile ile ya kuimbia, pangaboi nazima, narekodi sekunde 30 bila mtu kuongea, kisha nasoma mita kwenye programu. Kabla ya kazi ilikuwa karibu desibeli -50 (ikishuka zaidi chini ya sifuri, kimya kimeongezeka). Feni mpya zikiwa zimepangwa kasi, -56. Kazi yote ilipokwisha, -64. Pima usiku uliotulia, maana mchana bodaboda na upepo wetu juu ya bati vitakupa namba za uongo. Na usidharau hizo desibeli: ukibana sauti kwa kompresa (kifaa cha programu kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo) halafu ukainyanyua desibeli 10, mvumo nao unapanda 10. Programu za kufuta kelele zipo, lakini zikikazwa zinakula "s" na "f" za mwimbaji.

Kila NF-A12x25 inakuja na skrubu nne, pini nne za mpira, waya wa kurefusha, waya wa kugawa feni mbili kwenye plagi moja, na kiwaya cha kupunguza kasi. Tumia pini za mpira, skrubu ziache. Feni iliyokazwa kwa skrubu hupeleka mtetemo kwenye bati la kasha, na bati hilo ndilo linaloimba. Pini zivute kwa vidole polepole. Ukitumia koleo zinakatika. NH-U12S ina urefu wa milimita 158, kwa hiyo pima kwanza nafasi kati ya prosesa na mfuniko. Pesti ya zamani ya kupitisha joto ifute kwa spiriti, weka tone jipya kama punje ya njegere, kisha kaza skrubu mbili kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ili kipoza kisilalie upande.

Kazi yenyewe iko kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguliwa wakati wa kuwasha. Ingia sehemu ya feni, chagua PWM (kasi inaongozwa kwa ishara ya waya wa nne) kwa feni ya pini 4. Ukiiacha kwenye mpangilio wa volti, kasi huenda isishuke vizuri. Mimi nimeweka asilimia 40 mpaka prosesa ifike nyuzi 60, asilimia 60 ikifika 70, na 100 ikifika 85. Kasi ya feni ikipungua nusu, hewa nayo inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele inaongezeka 3 tu. Ndiyo maana feni mbili za taratibu ni bora kuliko moja inayokimbia. Weka pia ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla kasi haijabadilika. Mvumo usiobadilika sikio huuzoea. Unaopanda na kushuka katikati ya ubeti hauna dawa kwenye kuchanganya sauti.

Msinakili namba za watu wa Ulaya. Chumba chao kina nyuzi 20, cha kwetu mwezi wa kumi na moja kinapita 30, na prosesa hupanda karibu nyuzi zile zile ambazo chumba kimepanda. Tena Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu ya kumi, hivyo feni ile ile inapooza kidogo pungufu. Rekebisha ngazi zako za kasi wakati wa joto. Zilizopangwa mwezi wa saba hazitakufaa Novemba.

Halafu vumbi. Feni zote mbili za NF-A12x25 nimezielekeza kuingiza hewa mbele, feni nyingine ya nyuma inatoa kwa kasi ndogo, ili hewa ipite kwenye kichujio na si kwenye nyufa. Kichujio ni soksi nyepesi ya kike, safu moja. Kiangazi nakung'uta kila wiki mbili. Kikiziba, joto linapanda na feni zinaanza kulia upya. Ukipuliza kwa bloa, shikilia mapanga kwa kidole. Yakizungushwa kwa upepo huo beringi inaumia na feni inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi.

Feni zikinyamaza ndipo utakaposikia hadi diski kuu ya kuzunguka. Ya mizunguko 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, yaani mvumo wa Hz 120, katikati kabisa ya sauti ya mwanaume. Ukiikata kwa kichujio cha sauti, mwimbaji anakonda. Niliitoa, mfumo na kazi zote zikahamia SSD (hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka), diski ikabaki ya kuhifadhia tu, naichomeka baada ya kurekodi. Asiyeweza kuitoa aining'inize kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ndani ya nafasi yake, na asisogeze kasha ikiwa inazunguka.

Pawa saplai usiifungue, kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomoa. Ikilia, nunua nyingine. Mvumo wa Hz 50 au 100 usiobadilika hata kasha likiwa chumba kingine, tafuta kwenye waya na ethi, feni hazihusiki.

Desibeli za mwisho zilitoka kwa kuhamishia kasha koridoni. Waya wa USB 2 mwisho wake ni mita 5, intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta) ikabaki mezani. Ukihitaji zaidi, hamisha intafesi ikae na kompyuta na urefushe waya za maiki. Mita 15 za waya hizo za XLR hazina shida. Msifunike kasha kwa blanketi wala kulifungia kabatini. Linameza hewa yake ya moto na feni zinapandisha kasi.

Ningenunua tena? NH-U12S ndiyo. Feni za kasha hapana, kwa sababu zangu kwa kawaida hazipiti mizunguko 1,000 kwa dakika na uwezo wa 2,000 nimeulipia bure. Ningechukua NF-P12 redux-1300, ya bei rahisi zaidi, mwisho wake mizunguko 1,300. Haiji na pini za mpira; kata vipande vya mpira vya kuweka chini ya skrubu kwenye ile ile tyubu ya baiskeli.