FreeFileSync kwa faili za studio ya nyumbani: mtiifu kupita kiasi

Wimbo mmoja wa dakika 4 wenye traki 20 za mono, kwa biti 24 na kHz 48, unakula karibu MB 690 hata kabla ya miksi. Kuweka nakala ya akiba ya mzigo huo mtandaoni kwa bando ni mateso, kwa hiyo diski ya nje haikwepeki. Kwenye Windows, FreeFileSync, programu ya kulinganisha na kunakili folda, inaifanya kazi hiyo vizuri, tena bure.

Hulinganisha tarehe na ukubwa wa faili pande zote mbili, kisha hunakili zilizobadilika tu. Umeme ukikatika katikati, nakala ya zamani haiharibiki: faili mpya huandikwa kwanza kwa jina la muda, ikikamilika ndipo inachukua nafasi.

Kwenye dirisha lake, kushoto weka folda ya projekti, kulia diski. Usiandike E:\Nakala, maana ukitangulia kuchomeka flashi, diski inageuka F. Andika jina lake kwenye mabano ya mraba, [STUDIO]\Nakala, nayo itatafutwa popote ilipo. Fomati ya diski iwe exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili ya kufika GB 4.

Kwenye Mirror, mtindo unaofanya kulia kufanana kabisa na kushoto, uwe macho. Ukifuta rekodi ya mwimbaji kushoto kwa bahati mbaya, itaondolewa na kulia pia. Kwa hiyo kwenye sehemu ya ufutaji chagua Versioning (hutunza faili zilizofutwa au kubadilishwa) yenye muhuri wa tarehe, iende folda ya pembeni isiyo ndani ya Nakala, na uweke kikomo cha siku 60. Mtindo wa Update haufuti chochote, ila baada ya miezi diski itajaa akina "final2" na "final_kweli".

Pengo kubwa ni kwamba haijui projekti inategemea nini. Faili ya .flp, yaani projekti ya FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), hubeba noti na mipangilio; sampo, vipande vya sauti vilivyorekodiwa, huzivuta kutoka zilikokaa. Sampo ya kiki (ngoma ya besi) uliyoiburuta kutoka Downloads haitanakiliwa, na ukifungulia kompyuta nyingine utaambiwa haipo. Toa kwanza Zipped loop package kwenye menyu ya Export, ifungashe .flp na sampo zake. Plagini (programu za ziada za ala na efekti) haziingii humo, hivyo traki zinazozitegemea zitoe pia kama WAV.

RealTimeSync, inayokuja na FreeFileSync, huanzisha unakili kila mara folda inapobadilika. Wakati wa kurekodi izime. Ni heri kuhifadhi kazi kama batch (faili ya mipangilio inayoendesha kazi nzima ukiibofya) na kuibofya mwenyewe jioni, kisha uchomoe diski. Ikibaki imechomekwa usiku kucha, radi au virusi vitakavyopiga kompyuta vitaipata nayo.