Pampu ya sola kwenye vitunguu, Ruaha Mbuyuni: maoni yangu baada ya kuvuna

Hii ni pampu ya juu, si ile ya kuzamisha kisimani: mota, kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye mota) na paneli nne. Pamoja na usafiri na fundi, ilinigharimu karibu milioni mbili na nusu. Pampu ya petroli ya inchi tatu haifiki hata robo ya bei hiyo, ndiyo maana wenzangu wengi huku bondeni bado wanavuta kamba ya kuwasha injini kila asubuhi.

Lakini hesabu hiyo inaishia dukani. Kinachokula msimu ni mafuta. Mwaka 2023 lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, na kitunguu kinachoanza kutunga hakisubiri bei ishuke. Hapo ndipo watu wanakwenda kwa dalali, na anayekukopesha mafuta ndiye atakayepanga bei ya lumbesa yako, yaani gunia lililojazwa hadi kufura.

Kwa kazi, naisifu. Jua likishapanda, kama saa tatu, maji yanatoka vizuri hadi alasiri, kisha yanalegea. Wingu likipita unasikia mota inashusha sauti, halafu inapanda tena yenyewe. Mkondo wake ni wa upole: ile ya petroli ilikuwa inabomoa kingo za majaruba, yaani vitalu vya kushika maji, na kung'oa miche. Sasa nafungua jaruba, linajaa, naziba kwa jembe, nahamia jingine. Chujio lililokuja nayo ndilo dhaifu. Mto ukichafuka mchanga unapenya, kwa hiyo nimelizungushia kipande cha chandarua. Paneli nazo nazifungua kila jioni kwa kuogopa wezi, na ni kazi ya watu wawili.

Tukizungumzia umeme na uchumi wa nchi, macho yote yako Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Ni haki yake. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulitutesa sote, na nafuu tuliiona mitambo ilipoanza kuwashwa 2024. Ila kilimo ni karibu robo ya pato la taifa, na shambani kwangu nguzo ya umeme haijafika. Petroli tunayochoma huku yote inaagizwa nje kwa dola, dola zilezile zilizoadimika mwaka 2023. Ninapomwagilia kwa jua, nchi haitoi dola kwa ajili yangu, na mimi msimu huu nimenunua mbegu taslimu bila kupita kwa dalali.

Kinachoniuma ni kwamba nafuu hii inamfikia aliyekwisha kuwa na mtaji. Jirani yangu analima eneo kama langu, na kwa misimu michache anachoma petroli ya kutosha kununua pampu hii, ila fedha hiyo haikai mkononi mwake kwa pamoja. Mkopo wa kulipa baada ya mavuno, wala si kila mwezi, ungembadilishia maisha, na wako wengi kama yeye kuanzia hapa hadi kwenye vitunguu vya Mang'ola, kule Karatu.

Ukitaka kununua, pima kwanza kimo kutoka usawa wa maji hadi jaruba lako la juu kabisa, na muuzaji akuandikie kwenye risiti pampu inapandisha mita ngapi. Yangu inamudu vizuri majaruba ya chini. Yale ya juu karibu na barabara maji yanafika kwa kusuasua, na huko nimepanda mahindi.