TAHADHARI KWA WANAONUNUA NYUMBA MTWARA: mzee anauza nyumba ya bondeni kiangazi, rangi mbichi, maneno matamu

Ndugu zangu wa Mtwara, na nyie mlioko Dar mnaotuma hela mnunuliwe nyumba huku, someni hata kama ni ndefu. Naandika nina hasira na uso sijui niuweke wapi. Toka juzi mnanipigia, "vipi huko, mvua haijawasumbua?" nami najibu tuko salama. Hatuko salama. Maji yameingia ndani yamefika kwenye godoro. Nyumba ile ile mliyokuja kunipongeza, mkala pilau uani, sasa inanuka choo chumba hadi chumba, na aliyeniuzia alijua. Alijua vizuri kabisa.

Hela ilikotoka mnajua, sirudii. Milioni 28. Korosho za baba zimo mle na kikoba kimo mle.

Sasa nisikilizeni alivyonifanyia, maana nimeshasikia watu wanasema "mbona hakuuliza?" Niliuliza! Tulifika na dalali mwezi wa kumi, jua la saa saba, mchanga unachoma mpaka kwenye ndala. Mzee amekaa chini ya mwembe wake, kanzu safi, tasbihi mkononi. Hakuanza na habari ya nyumba. Aliniuliza kwetu wapi, nikasema Newala. Newala wapi? Kitangari. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Basi wewe mwanangu. Mama yangu mzazi kazaliwa huko huko." Kuanzia hapo ikawa mwanangu huku, mwanangu kule. Akaagiza madafu. Akanionyesha picha ya marehemu mkewe ukutani, akasema nyumba hii hataki kumwuzia mgeni, anataka mtu atakayeitunza. Mtu mzima wa umri wa babangu ananiambia hivyo machozi yakimlengalenga, ningemwonaje mwongo?

Tukaingia ndani. Rangi ya maziwa, mpya, bado inanukia. Akaugonga ukuta kwa ngumi ili nisikie ulivyo imara. Niliona plasta ya chini ni mpya, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, chumba hadi chumba, imenyooka kama imepigwa rula. Nikamwuliza, mzee, mbona huku chini kumepigwa upya? Akajibu bila kusita, "Mchwa, mwanangu. Walipanda, nikabandua, nikaweka dawa." Soketi zote ziko juu, usawa wa kifua. Nikauliza na hizo. "Wajukuu, mwanangu, wanachokonoa vijiti." Kila jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Halafu nikauliza lenyewe. Nakumbuka maneno yangu: "Mzee, masika maji vipi hapa?" Hakunijibu kwa mdomo. Aliita kijana, akaletewa ndoo ya maji ya lita ishirini, akaimwaga yote pale uani mbele ya miguu yangu. Mchanga ukayanywa. Hata sikumaliza kusogeza gauni, pale chini pamebaki unyevu tu na povu dogo. Akasema, "Umeona mwenyewe? Hapa maji hayakai." Akaongeza kwamba kimbunga Kenneth kilimkuta humu humu ndani, na Hidaya pia, na hakuna hata tone lililovuka kizingiti.

Ile ndoo ndiyo iliyoniuzia nyumba. Naieleza kwa kirefu kwa sababu atamfanyia na mwingine. Mchanga wetu kiangazi unakunywa chochote, maji ya ardhini yako chini kabisa. Ikifika Januari au Februari ardhi imeshashiba, maji ya visima yamepanda, na ndoo ile ile ingetuama pale mpaka asubuhi. Huku kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, hatuna vuli mbali na masika mbali kama Dar. Kwa hiyo muuzaji ana nusu mwaka mzima mkavu wa kukuonyesha nyumba, na hela za mnada wa korosho zinaanza kuingia mifukoni mwa watu kabla mvua haijashika. Ndipo anapouza.

Na hivyo vimbunga alivyonitajia! Kenneth cha Aprili 2019, ambacho watu wa huku tuliambiwa tuhame, kilikwenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Hidaya cha Mei 2024 kiligonga upande wa Mafia na Kilwa, ndiyo barabara ya Dar ikakatika Somanga. Nyumba kupona kwenye kimbunga kilichotua kwingine haionyeshi kitu. Kilichoniingilia mimi hakikuwa kimbunga. Ilikuwa mvua ya kawaida, usiku, na bahari iko kwenye bamvua. Bahari ikijaa namna ile, mtaro unaomwaga pwani unazibwa na maji ya bahari yenyewe, ya mvua yanakosa pa kwenda, yanarudi bondeni. Yalianza kutokea kwenye tundu la bafuni, yanabubujika meusi. Kisha yakachuruzika pale sakafu inapokutana na ukuta. Mlangoni yalikuja mwisho. Asubuhi yake ile plasta mpya ilikuwa imevimba, nikabandua kipande kwa kidole tu, na nyuma yake ukutani kuna mistari ya tope la zamani, mmoja juu ya mwingine. Mistari, si mstari. Sasa huyo mchwa yuko wapi?

Kinachoniuma kuliko hela ni hiki. Siku ya kulipa alinizungusha kwa majirani nyumba kwa nyumba, "huyu mtoto wa ndugu yangu, nampa nyumba." Mimi nikaona ni heshima, mzee ananikabidhi kwa watu. Juzi mama jirani anayeuza vitumbua amekuja kunisaidia kuchota maji, nikamwuliza kwa uchungu mbona hamkuniambia. Akasema, "Tulijua wewe ni wa kwao, mama, tukajua unajua. Na nani aingilie mambo ya ukoo?" Mmeelewa? Undugu ule aliutangaza ili watu wafunge midomo. Aliwaziba majirani kama alivyoziba ukuta.

Na msiniambie habari ya mkataba. Mkataba upo, umeandikwa mbele ya mashahidi na una muhuri. Unasema nani kamwuzia nani na mipaka ni ipi. Habari ya maji haimo, na hakuna anayekulazimisha kuiandika. Mngeniambia mapema ningemwandikisha pale pale kwa mkono wake: "nyumba hii haijawahi kuingia maji", aweke dole gumba.

Mtu wa namna hii afungwe. Sisemi arudishe hela tu, afungwe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka 7. Na Sheria ya Mikataba, Sura 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuutengua mkataba. Atakuja kusema ningeweza kujionea mwenyewe nikiwa makini. Kwa hiyo plasta ile sijaigusa tena, nimeipiga picha yote na kipande kilichobanduka nimekihifadhi kwenye mfuko. Aliyefunika ushahidi kwa saruji hawezi kusema ushahidi ulikuwa wazi. Hilo nitalisimamia hata wakinizungusha miaka.

Mnaonunua mwaka huu, shikeni haya haraka haraka, nina mambo mengi. Angalieni nyumba za jirani kabla ya ile mnayouziwa. Mtaa mzima pale wamejenga vizingiti vya tofali mbili tatu mlangoni na viroba vya mchanga vimepangwa pembeni, nami niliviona nikadhani wanajenga. Mlango ambao chini umekatwa na kuungwa mbao mpya, uliza. Chumvi nyeupe inayotoka kwenye rangi kwa mstari wa kulala, uliza. Uzio wenye mifuko ya plastiki na majani makavu yamenasa yote kwa kimo kimoja, hayo yaliletwa na maji. Kisima kama kipo funua mfuniko uchungulie, mzee wangu alisema kimekauka na akakiwekea zege juu, kumbe msimu wa mvua maji yanakaribia mdomoni. Chukua fundi na mpira wa maji, mpime sakafu na barabara ipi iko juu. Ile sakafu iko chini ya barabara, na mtaro unapita juu yake. Nenda ofisi ya ardhi uombe kuona mchoro wa mipango miji, uone kama hapo pameachwa njia ya maji. Iliyo kando ya mto au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Majirani waulize peke yako, jioni, bila dalali wala mwenye nyumba, na uwaambie wazi kwamba wewe si ndugu yake. Watoto waulize pia, wao wanakwambia mpaka wanapoogeleaga.

Lakini hata ukijua yote hayo, mtu akiamua kukupaka saruji machoni anakupaka. Ndiyo maana nataka ashikwe. Dalali wake naye ashikwe, alikula asilimia yake pande zote mbili na sasa simu yake haipatikani.

Jina la mzee silitaji hapa, nimelipeleka panapohusika. Jalada nafungua kesho, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maana Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Aliyewahi kuuziwa na huyu mzee, au aliyepanga nyumba hii zamani akahama kwa sababu ya maji, naomba anitafute inbox, nahitaji mashahidi. Mwenye picha ya mtaa ule ukiwa na maji miaka ya nyuma anitumie. Na nimeambiwa leo kwamba ana nyumba nyingine anaipaka rangi sasa hivi, anatafuta mtu wa kutoa kianzio kabla mvua hazijarudi. Kama umeshaitwa mwanangu na umeshakunywa madafu pale chini ya mwembe, usitoe hata shilingi mpaka tuongee.