Siku saba kabla ya chuma cha paja

Hospitali hii ya rufaa naipa nyota nne. Nyota moja nimeizuia, na sababu nitaisema.

Mdogo wangu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, barabara ya Morogoro. Paja la kulia lilivunjika, bandama ikapasuka, mbavu nne zikavunjika na damu ikajaa kifuani. Usiku uleule madaktari walimfungua tumbo, wakatoa bandama, wakamwekea mpira wa kifuani. Paja hawakulitengeneza. Walilishikiza tu kwa vyuma vya nje, kisha wakampeleka ICU.

Asubuhi mjomba alipoona vile vyuma vimechomoza kwenye ngozi, akasema wametuacha kwa sababu hatuna pesa, bora tumpeleke kwa mganga wa mifupa. Mimi nami niliamini. Kijana ana mfupa vipande viwili, wao wanasubiri nini?

Siku ya tatu daktari wa mifupa alikaa nasi kwenye benchi, akachora nyuma ya karatasi ya maabara. "Dada, angekuwa amevunjika paja peke yake, tungemwekea chuma kirefu ndani ya mfupa kabla ya saa ishirini na nne kuisha, maana kulala mguu ukivutwa kwa uzito wiki nyingi nako kunaharibu mapafu. Ila huyu alifika mwili umepoa, damu ina asidi, haigandi." Akaeleza kwamba kuchimba ndani ya mfupa ili chuma kiingie kunasukuma mafuta ya uboho kwenye damu hadi mapafuni, na mapafu yake tayari yalikuwa yameumia. Siku ya pili hadi ya nne ndipo mwili unavimba zaidi. Kumrudisha mezani wakati huo ni kumpiga pigo la pili.

Kuanzia hapo nikawa nauliza kila asubuhi, "Laktati ngapi leo?" Ni kipimo cha damu kinachopanda mwili ukikosa oksijeni ya kutosha. Usiku wa kwanza ilikuwa 6.1, siku ya tatu ikawa 1.9. Nikadhani sasa watampasua paja. Daktari akakataa, oksijeni bado alikuwa anahitaji nyingi. Siku ya saba ndipo wakatoa vyuma vya nje na kumwekea chuma cha ndani ya mfupa kiitwacho SIGN, kile kilichobuniwa ili kiwekwe hata pasipo mashine ya eksirei chumba cha upasuaji. Kuchelewa sana nako hakukutakiwa: zikipita wiki mbili, vijidudu vya kwenye matundu ya vyuma vya nje vinaweza kuingia hadi kwenye mfupa. Siku ya tisa alisimama na magongo.

Sasa ile nyota. Siku mbili nzima hakuna aliyetuambia kwamba kusubiri ndiyo tiba yenyewe. Saa tisa usiku tuliitwa tutafute watu wanne wa kutoa damu, tukawapata, lakini hatukuambiwa mgonjwa anaendeleaje. Mama alilala kwenye benchi la saruji akidhani mwanawe ametelekezwa. Maelezo yale ya benchini yalichukua dakika kumi. Tungepewa usiku wa kwanza, mjomba asingekuwa ameshakodi gari la kumhamisha mgonjwa mwenye mpira kifuani.